Tembe Nyingi, Ardhi Moja

Mgeni anayezuru Tabora hupelekwa Kwihara, nje kidogo ya mji, kuonyeshwa tembe iliyojengwa upya kwa kumbukumbu ya Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Wengi husikiliza habari zake na za Stanley, kisha wakaenda zao. Mimi huwashauri wautazame ukuta. Ukuta ule una somo ambalo nimelikuta tena uzeeni, ndani ya kompyuta.

Tembe ni nyumba ya mstatili yenye paa bapa la miti na udongo, vyumba vyake vikiuzunguka ua wa ndani. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya siku zile, mwezi Novemba 1857, hawakukuta mji wa mitaa iliyopangwa. Walikuta tembe zilizotawanyika, kila moja na bustani yake, ghala lake na watu wake. Humo mfanyabiashara alihifadhi merikani, kaniki, ushanga, nyaya za shaba na pembe za ndovu. Kila mzigo, wa kilo 30 hivi, ulikuwa umebebwa na binadamu kwa miezi kadhaa kutoka Bagamoyo. Mali ya namna hiyo haiachwi uwanjani. Aliyekuwa ndani ya tembe moja hakuona kilichomo katika tembe ya jirani, na mwenye nyumba alikuwa mkubwa asiye na mkubwa mwenzake.

Sasa tuitazame kompyuta. Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa naye anafundisha wanachuo kompyuta, alinieleza shida yake. Mashine zilikuwa chache na wanachuo wengi. Huyu akibadili mpangilio, kazi ya yule inaharibika. Nilipomtembelea alinikaribisha mbele ya kioo cheusi chenye maandishi matupu.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo utaona nikiwajengea kila mmoja nyumba yake."

"Marahaba, mwanangu. Jenga tukuone."

Akaandika amri tatu: lxc-create ya kuunda, lxc-start ya kuwasha, na lxc-attach ya kuingia. Kwa dakika chache tu, ndani ya kompyuta ile ile, ilikuwapo kompyuta nyingine yenye mafaili yake, watumiaji wake, jina lake na njia yake ya mtandao. Wataalamu huiita kontena ya mfumo. Programu ya kwanza kuamka ndani yake hujiona ni namba 1, kana kwamba hakuna mwingine duniani. Kumbe nje, kwenye mashine mwenyeji, programu ile ile ina namba nyingine kabisa katika orodha ndefu. Hapo ndipo nilipomkumbuka mwenye tembe.

Ufundi huu haukuzuka jana. Mwaka 1979 mfumo wa Unix, toleo la 7, ulipata amri ya chroot, iliyoifanya programu ione sehemu moja tu ya mafaili na kuidhani ndiyo yote. Mwaka 2000 FreeBSD ilileta ukuta imara zaidi, na wenyewe wakauita gereza. Katika Linux matofali yaliongezwa moja moja kwa miaka mingi, hata mwaka 2008 ikatokea LXC, ndiyo ile aliyoitumia kijana wangu.

Msomaji atauliza, kwa nini wasijenge kompyuta pepe, iliyo kamili kila kitu? Inawezekana, lakini hiyo ni sawa na kuanzisha kijiji kipya chenye ardhi yake na kisima chake. Hula kumbukumbu nyingi na huchelewa kuamka. Kontena ni tembe moja zaidi katika ardhi iliyokwisha kuwapo. Zote hutegemea kiini kimoja cha mfumo, kile kinachogawa kumbukumbu na kuongoza vifaa. Wepesi wake umetoka hapo, na hatari yake imetoka hapo hapo.

Historia ya Tabora inatuonyesha hatari hiyo. Ardhi ya Unyanyembe ilikuwa ya mtemi. Fundikira alipofariki mwaka 1858, Mnywa Sere akashika utemi, akadai ushuru wa bidhaa zinazoingia. Waarabu wakakataa, wakamfukuza na kumsimika Mkasiwa. Mnywa Sere akahamia porini akawa anazivamia njia za misafara, hata alipouawa mwaka 1865. Miaka yote hiyo tembe zilisimama, ila biashara ndiyo iliyoumia.

Mwaka 1871 ikaja vita ya Mirambo. Mwezi Agosti aliishambulia Tabora, sehemu ya mji ikateketea, na Khamis bin Abdallah, aliyetoka nje ya tembe yake kupambana, akauawa. Huko Kwihara, Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta akangoja. Tembe yake haikuguswa. Hata hivyo njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa, ikambidi azunguke kusini. Mali salama ghalani isiyoweza kusafiri ina faida gani kwa mfanyabiashara?

Na kontena ni vivyo hivyo. Kiini kikiwa na tundu, aliye ndani aweza kupenya akazifikia nyumba zote. Kontena moja ikiachwa ile kumbukumbu yote, nyingine zitalala njaa huku kuta zao zikiwa nzima. Kwa hiyo kijana wangu huweka kiasi ambacho kila kontena haiwezi kukivuka. Aidha, aliye mkuu ndani humpa namba isiyo na mamlaka yoyote nje, na kiini hukisasisha kila mara. Anatunza kuta, lakini anaitunza ardhi zaidi.

Liko jambo moja la mwisho. Ndani ya tembe za Tabora waliishi pia watumwa. Kwao ukuta uliomlinda bwana ulikuwa kifungo. Ndiyo maana neno gereza lilinigusa nilipolisikia kwa wahandisi. Kabla ya kuusifu ukuta, hapana budi tuulize umejengwa kwa ajili ya nani, na ufunguo wa lango anao nani. Mwanachuo aliyepewa kontena aweza kujaribu, kuharibu na kuanza upya bila kumwumiza jirani. Huo ni ukuta wa kumpa mtu uhuru. Ila mwalimu anayeshika kompyuta mwenyeji huona kila kilichomo humo, na mwanachuo hamwoni. Mamlaka hayo ni makubwa kuliko ya mtemi yeyote wa Unyanyembe, kwa maana mtemi hakuweza kuona kupita ukuta. Walimu vijana wanaojifunza ufundi huu wanapaswa wawaambie wanafunzi wao ukweli huo siku ile ile wanapowakabidhi nyumba.