Neva ya Ulimi ni Ipi?

Muuguzi wa Obokote, jimboni Maniema, husomea kazi yake kwa Kifaransa, kisha huifanya kwa Kiswahili. Daftarini ataandika “nerf hypoglosse”, au “grand hypoglosse” ikiwa mwalimu wake alikuwa mtu wa zamani. Lakini mzee aliye mbele yake, ambaye ulimi umemlegea na wali unamkwama shavuni, amwambie anaugua nini?

Jibu la haraka ni “mshipa wa ulimi”. Ila mshipa umebebeshwa mengi mno: unapitisha damu, unakaza msuli, na hata ngiri huitwa mshipa. “Mshipa wa fahamu” ni bora, na “neva” ni fupi zaidi. Tuchukue neva. Sasa ni neva ipi? Maumivu na joto la sehemu ya mbele ya ulimi husafiri kwa tawi la neva ya 5 ya kichwa, na ladha ya papo hapo kwa neva ya 7. Ulimi wa nyuma, hisia na ladha, ni wa neva ya 9. Kuusogeza ulimi ni kazi ya neva ya 12. Ndiyo maana mtu ambaye neva hii imekufa bado huonja chumvi na huungua kwa chai.

Kwa Kigiriki jina lake lina maana ya “chini ya ulimi”. Ukitafsiri hivyo, mgonjwa atainua ulimi na kukuonyesha ule utando, na hapo si ajabu mtu wa nyumbani akafikiria wembe. Utando ukatwe usikatwe, neva haiponi. Yenyewe huanzia kwenye shina la ubongo, hutokea tunduni katika mfupa wa kisogo, hushuka shingoni kandokando ya ateri kubwa ya kichwa, ndipo hukunja kuelekea mdomoni. Basi chanzo hutafutwa mbali na kinywa: uvimbe chini ya fuvu, jeraha au upasuaji wa shingo, kiharusi, au maradhi yanayoua neva za mwendo.

“Tosha lulimi,” muuguzi anasema. Ulimi unatoka na kupinda kushoto, na wengi hudhani kwamba upande wa kulia ndio mbovu. Sivyo. Mtumbwi wa Lualaba ukipigwa kasia kulia tu hugeukia kushoto. Vivyo hivyo msuli mzima wa kulia husukuma ncha kuelekea upande uliolala. Ugonjwa ukikaa, nusu hiyo hukonda, hujikunja, na hutetemeka hata ulimi ukiwa umetulia. Kiharusi cha juu, ndani ya ubongo, hakikondeshi ulimi; huupindisha upande ule ule wa mkono uliolegea.

Kwa hiyo ningeandika “kupooza kwa neva ya mwendo wa ulimi, upande wa kushoto”, na namba 12 pembeni kwa ajili ya daktari. “Haipoglosali” ibaki kwa watahiniwa. Jina hili refu la Kiswahili lina faida moja zaidi: mzee akilisikia anaelewa mara moja kwa nini t, d na l zinamponyoka, na kwa nini anaambiwa ale kidogo kidogo. Zikipooza pande zote mbili, ulimi unaweza kurudi nyuma na kuziba koo akilala chali. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali.