Kuuliza si ujinga, lakini swali lina adabu zake

Leo tuzungumze kidogo habari za kuuliza. Kila aliyewahi kuomba msaada wa programu mtandaoni anajua jinsi jibu la kwanza linavyoweza kuuma. Umeandika "programu yangu haifanyi kazi, nisaidieni", na mtu usiyemjua, aliye upande wa pili wa dunia, anakurudishia maswali: unatumia toleo gani? Umejaribu nini? Kompyuta imekuandikia kosa gani? Wengi huondoka hapo wakiamini kwamba jamaa hawa wana majivuno. Majivuno yapo, sikatai. Lakini maswali hayo matatu yana historia yake, na chanzo chake ni bili ya simu.

Hebu turudi nyuma hadi 1979. Unix ilikuwa mali ya AT&T, kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Kwa sababu ya makubaliano yake na serikali ya mwaka 1956, AT&T haikuruhusiwa kufanya biashara ya kompyuta. Vyuo vikuu viliweza kupata leseni ya Unix, lakini bila huduma yoyote. Kasoro ikitokea, hapakuwa na wa kumpigia. Watumiaji walibaki kusaidiana wenyewe kwa wenyewe.

Ndipo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, wakabuni Usenet. Steve Bellovin, wa Chuo Kikuu cha North Carolina, akaandika programu ya kwanza ya majaribio, na mwaka 1980 mtandao huo ukatangazwa kwa watu wa Unix. Ulifanya kazi hivi: kompyuta moja inaipigia nyingine kwa laini ya simu ya kawaida, mara nyingi usiku gharama zikiwa chini, zinabadilishana ujumbe, kisha ya pili inaipigia ya tatu. Swali lako lingeweza kuchukua siku kadhaa kufika mbali, na jibu siku nyingine kadhaa kurudi.

Sasa piga hesabu. Ukisahau kutaja aina ya mashine yako, mtu atauliza, wewe utajibu, na wiki nzima imepotea kabla hata tatizo halijaguswa. Na kila mara simu inalipiwa, si na wewe, bali na vyuo na makampuni yaliyojitolea kupitisha ujumbe. Mwaka 1984 Larry Wall, yule aliyekuja kuunda lugha ya Perl, alitoa programu ya kusomea Usenet iitwayo rn. Ukitaka kutuma ujumbe kwa zana zake, ulikutana kwanza na onyo kwamba maneno yako yatakwenda kwenye maelfu ya mashine na kugharimu mamia ya dola, pengine maelfu. Kisha ikakuuliza: una hakika kabisa?

Gharama ya pili ilikuwa uchovu wa watu. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walipata akaunti, wakauliza yale yale yaliyoulizwa mwaka uliopita. Dawa yake ilikuwa kukusanya maswali ya kila siku pamoja na majibu yake mahali pamoja. Mkusanyo mashuhuri wa lugha ya C ulianzishwa na Steve Summit mwaka 1990, na baadaye ukawa kitabu. Halafu mwaka 1994 AOL ikawafungulia wateja wake mlango wa Usenet. Wageni hawakuja tena kwa msimu, na wenyeji wakakiita kipindi hicho Septemba isiyokwisha.

Je, swali zuri lilikuwa na faida gani? Chukua mfano wa tarehe 3 Julai 1991. Mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliandikia kikundi cha watumiaji wa Minix. Alieleza kwa sentensi chache kwamba ana kazi anayoifanya, kwamba anahitaji kanuni za POSIX, na kwamba angependa nakala inayosomeka na kompyuta. Kanuni zenyewe hakuzipata, kwa kuwa ziliuzwa. Lakini swali lilikuwa wazi kiasi kwamba Ari Lemmke, aliyesimamia hifadhi ya mafaili huko huko Finland, alitambua kuna mtu anayejenga mfumo endeshi. Akamtengea nafasi kwenye seva yake, na Septemba mwaka huo programu ikawekwa hapo. Mwanafunzi alitaka kuiita Freax. Lemmke akaliita folda hilo linux. Mwanafunzi, bila shaka umeshamtambua, ni Linus Torvalds.

Baadaye adabu hizi ziliandikwa. Mwaka 1999 Simon Tatham, mtunzi wa PuTTY, alieleza namna ya kuripoti kasoro: msaidie mtunzi aione programu ikishindwa mbele ya macho yake, na usipoweza, mweleze ulichofanya, ulichotarajia na kilichotokea. Mwaka 2001 Eric Raymond na Rick Moen walitoa mwongozo mrefu zaidi wa kuuliza maswali, wenye ukali mwingi. Miradi mingi ya programu huria iliuweka kwenye kurasa zake, hata waandishi wakalazimika kuwaomba wenye kurasa hizo watangaze kwamba wao wawili si dawati la msaada.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kidogo. Kanuni zilizokusudiwa kumsaidia mwulizaji zikageuka rungu la kumfukuzia. Stack Overflow ya Joel Spolsky na Jeff Atwood ilipofunguliwa mwaka 2008, ilitatua mengi kwa kura na kwa kuhifadhi kila jibu, lakini mwaka 2018 wasimamizi wake wenyewe walikiri hadharani kwamba wageni wengi hawakujiona wamekaribishwa.

Mwisho wa 2022 ikaja ChatGPT. Mashine haichoki wala haikucheki, na maswali kwenye Stack Overflow yamepungua sana tangu hapo. Simlaumu anayeikimbilia. Lakini tukumbuke mashine hizi zimejifunza, pamoja na mengine, kutokana na maswali yaliyoulizwa mbele ya watu kwa miaka mingi. Ukiuliza faraghani na kupata jibu, halimfikii kijana wa Eldoret au Mwanza atakayekwama pale pale kesho kutwa akiunganisha malipo ya simu kwenye programu yake. Matatizo ya kwetu yana watu wachache wa kuyaandika. Tusipoyaandika sisi, mashine itayajulia wapi?

Basi ndugu msomaji, ukikwama, taja lengo lako, toleo unalotumia na ulichojaribu. Nakili ujumbe wa kosa kama ulivyo, usiufupishe. Punguza msimbo wako hadi ubaki ule mdogo kabisa unaoonyesha tatizo. Mara nyingi utaliona jibu kabla hujamaliza kuandika. Na ukishasaidiwa, usiishie kusema asante. Rudi uandike ni kipi kilichofanya kazi, maana kuna mwingine anakitafuta.

Haya, tuonane wakati mwingine.