Mchwa Wameingia Kwa Keja? Cheki Dalili Hizi na Vile Utawazuia

Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi wanajazana kwa taa, na asubuhi unafagia mabawa. Wengi wetu tunawajua kama mlo tu. Lakini kumbikumbi ni mchwa waliotoka kutafuta wenza. Wakishaangusha mabawa, dume na jike wanachimba ardhini na kuanza familia mpya. Ukipata mabawa mengi ndani ya keja na madirisha yalikuwa yamefungwa, huenda wametokea chini ya nyumba yako.

Noma ya hawa mchwa ni kuwa wanaishi chini ya udongo na kuja juu kula tu. Wanapenda mbao, karatasi na katoni. Ile cheti yako ya KCSE iliyo kwa katoni chini ya kitanda? Kwao huo ni msosi.

Dalili za kucheki

- Vijia vya udongo, vyembamba kama penseli, vinavyopanda ukutani. Mchwa hawapendi mwanga wala hewa kavu, ndiyo maana wanajijengea njia iliyofunikwa.
- Gonga fremu ya mlango. Ikilia kama kitu tupu, ndani wameshakula.
- Udongo unaotokea kwa nyufa za sakafu, au chini ya katoni iliyokaa sana.

Bomoa kipande kidogo cha kijia, kisha urudi baada ya siku chache. Ukipata kimezibwa, bado wako kazini. Lakini kikibaki wazi usishangilie mapema, wanaweza kuwa wamebadilisha njia.

Vile utawazuia

- Inua vitu. Katoni, vitabu na nguo zisikae sakafuni wala kugusa ukuta. Vyeti viweke kwa kopo la plastiki lenye kifuniko.
- Rekebisha mfereji unaovuja. Unyevu unawavuta.
- Kuni na mbao za ujenzi zisiegemee ukuta wa nyumba.
- Kama unajenga huko ushago, udongo upigwe dawa ya mchwa kabla slabu haijamwagwa. Kufanya hivyo baadaye ni gharama mingi, maana fundi atalazimika kutoboa sakafu.

Usidanganyike

Kupuliza dawa ya mende kunaua wale unaowaona tu. Malkia yuko chini akitaga mayai, na wengine watakuja. Oili chafu nayo inachafua udongo na haifiki kwa kiota. Ukinunua dawa, soma lebo uone kama ina nambari ya usajili ya PCPB, ile bodi ya kudhibiti dawa za wadudu. Chupa haina lebo? Wachana nayo.

Na kama umepanga, piga picha siku ile unaona kijia cha kwanza, umtumie mwenye ploti. Ukinyamaza hadi fremu ianguke, siku ya kuhama utaambiwa ni wewe uliharibu, na deposit yako iende hivyo.