Anayeshika Mdundo

Jembe la bugobogobo, ngoma ya wakulima wa Kisukuma, hurushwa. Mchezaji hulitupa juu likajizungusha hewani, chuma kikimetameta juani, kisha huudaka mpini huku mguu umeshatua pamoja na ngoma. Akilikosa, watu wanacheka, na yeye anacheka, anaokota jembe lake na kusubiri mdundo wa kuingilia.

Jembe hilo limekuwa likinijia akilini tangu siku nilipopimwa presha hapa Misungwi, nikaambiwa nifanye mazoezi walau dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa mtu mzima. Njiani nikakutana na mama jirani yangu, ndoo kichwani. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," tukajuliana hali, nikamweleza niliyoambiwa. Alicheka mpaka maji yakamwagikia begani. "Mazoezi? Njoo kwangu kesho, mwanangu, tukateke maji, halafu twende shambani. Utayapata yote, na chenji utarudishiwa."

Kwa hesabu yake, dakika 150 humalizika Jumatatu kabla ya saa sita. Lakini sijawahi kumsikia akisema kisima kinamfurahisha. Wanaoimba sifa za maisha ya kijijini, eti mwili wa mkulima una raha kwa sababu unatembea, wamuulize yeye. Neno lenyewe mazoezi limetokana na kuzoea, na mtu anaweza kuzoea shida vilevile.

Kulima kwa jembe la mkono ni kazi ya kuvunja mgongo. Wasukuma waliijibu shida hiyo kwa ngoma. Vikundi vya vijana viliitwa shambani, vikajipanga mstari mmoja, ngoma nyuma yao, na ningi, yaani mtunzi anayeongoza nyimbo, akitoa sauti na wenzake wakiitikia. Majembe yalipanda na kushuka pamoja. Anayechoka alibebwa na mdundo mpaka pumzi ikarudi. Mwenye shamba alilipa, pengine kwa chakula na pombe, na tusidanganyane: aliyefaidi kuliko wote ni yeye. Ngoma ilimlimia shamba kubwa kwa siku chache. Ningeishia hapo, ningesema bugobogobo ni ujanja tu wa kumsahaulisha kibarua uchovu wake.

Ila msimu ukiisha, jembe lile hutoka tena na kwenda uwanjani, mahali pasipo na palizi wala tuta. Hapo hakuna anayelimiwa. Watu wanarudia mwendo uleule uliowachosha Februari, safari hii kwa kujionyesha na kwa kushindana. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyojivunia waasisi wao Ngika na Gumha wa karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake. Ukifika Bujora, kule Kisesa, kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni, utaona jinsi mshindi anavyopatikana: watazamaji huhamia kwenye utamu. Upande unaoshindwa hubaki ukiwatazama watu migongo. Sijui refa mkali kuliko huyo, na ndiye anayemfanya mtu wa miaka hamsini aruke kama kijana. (Kwa wasioweza kuruka ipo wigashe, ngoma ya kukaa kitako. Wachezaji huketi, wakaimba na kuyumba kiwiliwili. Anayedhani mazoezi ni miguu tu, na akaitazame.)

Kizazi changu mwendo wa pamoja tulifundishwa kwa njia nyingine, mchakamchaka wa shuleni. Alfajiri, vumbi halijapata jua, mistari miwili, mmoja anaanzisha na wengine tunaitikia, miguu ikipiga chini kwa pamoja. Wenzetu waliopita Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963, waliukuta huko tena, mrefu zaidi. Mwanzishaji wetu alikuwa ningi mtupu, mjuzi wa kupachika jina la mchelewaji katikati ya wimbo. Tofauti ilikuwa pembeni, kiranja na fimbo yake. Tuliimba kwa furaha ya kweli, tena kubwa, huku tukijua atakayetoka mstarini atakiona. Nikikumbuka leo, mambo hayo mawili yamefungamana kiasi kwamba siwezi kusema raha iliishia wapi na woga ulianzia wapi.

Wajapani wana mchakamchaka wao, ila hawaendi popote. Mwaka 1928 walianza kutangaziwa mazoezi redioni, piano ikipigwa na sauti ikihesabu, nchi nzima ikinyoosha mikono kwa dakika zilezile. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watawala wa Kimarekani waliyatilia shaka kwa harufu yake ya kijeshi, yakasitishwa, kisha yakarudi kwa sura mpya mwaka 1951, na hadi leo husikika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lakini redio haina macho, haijui nani kalala. Basi watoto wakati wa likizo hukusanyika mtaani na kadi shingoni, kila asubuhi ikagongwa muhuri. Muhuri ule ni jirani aliyewekwa kuona kama umefika. Ni mpole kuliko kiranja wetu, ingawa kazi yao ni moja.

Waingereza walijaribu kuviondoa vyote hivyo, wimbo na jirani. Mwaka 1818 mhandisi William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vidato, wafungwa wakalipanda saa nyingi kwa siku bila kufika juu. Mahali pengine lilisaga nafaka au kuvuta maji, pengine lilisukuma hewa tu. Magereza kadhaa yaliweka mbao kati ya mtu na mtu ili wasizungumze. Hakuna wimbo, hakuna anayekutazama isipokuwa askari, hakuna palizi iliyokwisha. Mapaja yao yalikuwa na nguvu, bila shaka. Kwa Kiingereza, mashine ya kukimbilia iliyopo jimu bado inaitwa kwa jina la gurudumu lile. Nami nimewahi kulipia kuipanda, Mwanza mjini, nikiangalia ukuta wa rangi ya maziwa na namba nyekundu zinazohesabu. Siku ya nne nilisingizia mvua.

Walionizunguka pale wengi walitaka kupungua. Kuhusu kupungua huko, wapo wataalamu waliokwenda kuwapima Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, watu wanaotembea siku nzima kutafuta mizizi, asali na nyama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 na Herman Pontzer na wenzake yaliwashangaza: ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu wanazochoma kwa siku hazikupishana sana na za watu wa Marekani wanaoshinda vitini. Moyo na presha hufaidika na mwendo, hilo halina ubishi. Ila anayekimbia kwa ajili ya mizani peke yake atakata tamaa mapema, na atahitaji sababu nyingine ya kuamka kesho.

Zanzibar sababu hiyo wanayo, nami nawaonea wivu. Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hutoka mitaani, wazee kwa vijana, fulana za kikundi zimepigwa pasi, wakaandamana hadi uwanjani kwa mbwembwe zinazokaribia za Bagika na Bagalu. Bara nako, Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Maafisa walitoka kweli, kwa muda. Agizo, kama kiranja, hudumu kadiri mwenye nalo anavyosimama pembeni.

Kikundi cha jogingi nilichojiunga nacho hapa hakina agizo wala fulana. Tunakimbia pembeni mwa barabara ya Shinyanga kabla magari hayajawa mengi, na anayeanzisha ni fundi cherehani mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Wiki iliyopita kijana wa mkaa alitukuta na baiskeli yake, magunia matatu nyuma, jasho linamchuruzika. Nilitegemea atatucheka. Akapunguza mwendo, akakaa sambamba nasi, akaanza kuitikia. Fundi alimwona, akampachika kwenye wimbo, yeye na magunia yake, na kijana akacheka huku akikanyaga. Aliitikia hivyo mpaka kwenye njia ya kuingilia sokoni, akakata kona.