Walioacha Chuo Wakaenda Vitani

Vuli ya 1861, Chuo Kikuu cha Mississippi, kule mji wa Oxford kusini mwa Marekani, kilifungua muhula mpya. Wanafunzi waliofika walikuwa wanne. Si mia nne, wanne. Chuo kikafungwa, na hakikufungua tena hadi vita vilipoisha mwaka 1865.

Wenzao walikuwa wapi? Wengi walikuwa jeshini. Miezi michache kabla, vijana wa chuo hicho walikuwa wameunda kombania yao wenyewe, kikosi cha watu kama mia moja hivi, wakajiita University Greys kwa sababu ya sare zao za kijivu. Jeshini wakaandikishwa kuwa Kombania A ya rejimenti ya 11 ya Mississippi, askari wa miguu. Mei 1, 1861 waliondoka Oxford kuelekea Virginia.

Kisa hiki nilikutana nacho mwaka nilioacha chuo. Mimi sikuenda vita yoyote. Karo ilinishinda, basi. Lakini ukishaacha chuo unapata tabia fulani: kila ukisikia kuna mtu aliacha masomo, unataka kujua ilikuwaje na aliishia wapi. Nikaanza kuwafuatilia hawa jamaa nikiwahurumia. Huruma hiyo bado ninayo. Shida ni kwamba kadiri nilivyozidi kusoma, ndivyo nilivyokosa mahali pa kuiweka.

Tuanze na walikotoka. Sensa ya 1860 ilihesabu watu 791,305 katika jimbo la Mississippi. Kati yao 436,631 walikuwa watumwa. Yaani zaidi ya nusu ya watu wa jimbo zima walikuwa mali ya watu wengine. Pamba ndiyo iliyokuwa pesa, na watumwa ndio waliokuwa wakiilima na kuichuma. Chuo kilifunguliwa mwaka 1848, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba matajiri wa pamba hawakutaka wana wao wasomee Kaskazini, wakarudi na mawazo ya kupinga utumwa. Watumwa ndio waliojenga majengo ya kwanza. Watumwa ndio waliopasua kuni, wakateka maji na kufagia vyumba vya wanafunzi. Hao makomredi walikuwa wakilala katika vyumba vilivyofagiliwa na mtu asiyeruhusiwa kufunua kitabu kilichokuwa mezani.

Kuna tukio la mwaka 1859 ambalo lilinifanya nifunge kompyuta nikatoka nje kidogo. Mkuu wa chuo, Frederick Barnard, alikuwa na mtumwa aliyeitwa Jane. Siku moja Barnard na mkewe wakiwa safarini, wanafunzi waliingia nyumbani kwake na Jane akapigwa vibaya. Akasema ni nani aliyempiga. Kesi ilipofika mbele ya walimu, wengi walikubali moyoni kwamba kijana yule alifanya kosa, lakini wakasema ushahidi wa mtumwa hauwezi kumtia hatiani mzungu. Barnard alitaka kijana asirudi chuoni. Unajua kilichofuata? Aliyeshtakiwa akawa Barnard mwenyewe, ati ameamini neno la mtumwa dhidi ya mwanafunzi. Machi 1860 wadhamini wa chuo walimchunguza, wakamsafisha, lakini baada ya yeye kujitetea kwamba naye ni mmiliki wa watumwa na hana tatizo lolote na utumwa.

Hilo lilitokea mwaka mmoja tu kabla ya kombania kuundwa, katika kampasi hiyo hiyo.

Kwa hiyo mtu akikuambia vijana hawa hawakujua wanapigania nini, muulize walisomea wapi. Januari 9, 1861 Mississippi ilijitenga na Marekani. Hati ya kujitenga iliandikwa na L. Q. C. Lamar, aliyekuwa profesa wao. Tamko lililoeleza sababu halikuzunguka mbuyu: lilisema wazi kwamba msimamo wa jimbo umefungamana na utumwa. Barnard, pamoja na yote niliyoyasema, alipinga vijana kwenda vitani na akajaribu kuwazuia. Hawakumsikiliza. Alijiuzulu, na baadaye akavuka kwenda Kaskazini, akawa mkuu wa Columbia kule New York. Yeye alipata chuo kingine.

Vijana wake walipata Virginia. Walipigana Manassas Julai 1861, vita kubwa ya kwanza, ambapo watu wengi wa pande zote mbili walidhani mambo yangeisha siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata wakapigana Seven Pines, kisha Gaines' Mill, kisha Manassas tena, kisha Sharpsburg mwezi Septemba. Kila mahali walipungua. Na risasi haikuwa adui mkubwa zaidi. Katika vita ile nzima, karibu thuluthi mbili ya askari waliokufa waliuawa na maradhi: kuhara, homa ya matumbo, surua. Kijana anayetoka shamba lililo mbali na watu anaingia kambi ya maelfu, mmoja anakohoa, na wiki hiyo hema zima linalala chini. Hakuna anayechorwa kwenye dirisha la kanisa akiwa ameshikilia tumbo.

Mnamo 1862 serikali ya Kusini ilianza kuandikisha watu jeshini kwa lazima. Oktoba mwaka huo ikatoa msamaha: shamba lenye watumwa ishirini au zaidi lingeweza kumbakiza mzungu mmoja nyumbani wa kuwasimamia. Watu maskini wakalalamika kwamba vita ni ya tajiri na mapigano ni ya maskini. Hapo lazima niwape Greys haki yao. Wao walikuwa watoto wa watu wenye nacho, na walikwenda wenyewe mapema, wakabaki mstari wa mbele. Ujasiri walikuwa nao. Nimeacha kubishana na hilo.

Sasa twende Gettysburg.

Juni 1863 Jenerali Robert E. Lee aliingiza jeshi lake Pennsylvania, jimbo huru la Kaskazini. Njiani askari wake walifanya jambo ambalo simulizi nyingi za kishujaa huliruka: waliwakamata watu weusi, watoro na waliozaliwa huru bila kubagua, wakawafunga na kuwapeleka Kusini utumwani. Habari zilisambaa haraka. Watu weusi wa Gettysburg na vijiji vya karibu walibeba walichoweza wakakimbia. Mmoja wao aliitwa Abraham Brian, mtu huru, mkulima mwenye shamba la ekari kama kumi na mbili kwenye kilima kilicho nje kidogo ya mji. Aliiacha nyumba, ghala na mazao shambani, akaondoka na familia yake.

Siku ya kwanza ya vita, Julai 1, rejimenti ya 11 ilikuwa nyuma ikilinda magari ya mizigo. Wenzao wa brigedi hiyo hiyo walichinjwa siku hiyo. Siku ya tatu zamu yao ikafika. Mchana mizinga ilinguruma kwa muda wa kama saa mbili, kisha watu wapatao 12,500 wakatoka msituni wakaanza kutembea uwanja wa wazi wa zaidi ya kilomita moja, wakipanda taratibu kuelekea ukuta wa mawe ambako jeshi la Kaskazini lilikuwa limelala likiwasubiri. Karibu nusu yao waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Katika Kombania A walikuwa wamebaki kama thelathini. Wote waliingia kwenye hesabu hiyo. Hakuna aliyerudi mzima.

Na ukuta walioufikia, wale wachache waliofika mbali zaidi? Ulikuwa kwenye shamba la Abraham Brian, kando ya ghala lake.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Vijana waliotoka katika kampasi ambako neno la Jane halikuwa na uzito, wakasafiri zaidi ya kilomita elfu moja, wakafia mlangoni kwa mtu mweusi aliyekuwa na hati ya ardhi yake mwenyewe. Sina hakika kama kuna hata mmoja wao aliyejua ghala lile ni la nani. Risasi ziliponyesha, ghala ni kitu cha kujificha nyuma yake tu.

Mmoja wao hakuufikia hata uwanja. Jeremiah Gage, aliyekuwa akisomea sheria, alipigwa na kombora kabla ya mashambulizi kuanza. Mkono wake na tumbo viliraruliwa. Daktari alimwambia ukweli: amebakiwa na saa chache. Akaomba karatasi amwandikie mama yake. Alimwambia kwamba amekufa kiume, asisikitike kwamba mwili wake hautarudi nyumbani, na akatuma neno la kwaheri kwa msichana fulani ambaye mama anamjua. Kisha akaitia barua damu yake mwenyewe. Barua hiyo ipo hadi leo, na kusema kweli hujawahi kusoma kitu kama hicho.

Lakini ndani yake kuna mstari mwingine. Anasema kinachomuuma zaidi ni kufa kabla nchi yake haijawa huru.

Huru. Kijana wa Mississippi, jimbo ambalo zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa watumwa, anakufa akililia uhuru, na machozi yake ni ya kweli. Si mnafiki. Hapo ndipo penye hofu yangu. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mnafiki. Mtu anaweza kuandika kwa damu yake, akimaanisha kila neno, na bado awe amekosea jambo kubwa kuliko yote lililokuwa mbele ya macho yake tangu azaliwe.

Kesho yake, Julai 4, mji wa Vicksburg ulioko Mississippi kwao ulijisalimisha kwa jeshi la Kaskazini. Mwezi mmoja kabla, ng'ambo ya mto katika jimbo la Louisiana, kikosi kingine kiitwacho 1st Mississippi kilikuwa kimepigana Milliken's Bend na kusaidia kurudisha nyuma jeshi la Kusini. Hao walikuwa watu weusi, wengi wametoroka mashamba ya pamba wiki chache tu kabla. Zaidi ya watu weusi 17,000 wa Mississippi walijiunga na jeshi la Kaskazini. Nao walikuwa vijana wa Mississippi walioacha walichokuwa wakifanya wakaenda vitani kutafuta uhuru. Wao walikuwa wanajua maana yake.

Mabaki ya Greys waliunganishwa na kombania nyingine. Aprili 2, 1865, karibu na Petersburg, rejimenti yao ilizingirwa mtoni na karibu wote wakatekwa. Wiki moja baadaye Lee alisalimu amri.

Abraham Brian alirudi kwake, akakuta nyumba imetobolewa na risasi, ua umevunjwa na mimea imekanyagwa. Alidai fidia ya dola 1,028. Serikali ilimlipa dola 15. Akaanza kujenga upya.

Greys nao walijengewa kumbukumbu. Kampasini kuna dirisha la vioo vya rangi lililowekwa kwa heshima yao mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1906 ikasimamishwa sanamu ya askari wa Kusini. Mwaka 1962 James Meredith alipokuja kuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi, wazungu waliofanya ghasia walikusanyika kwenye sanamu hiyo. Watu wawili waliuawa usiku huo. Mwaka 2018 chuo kiliweka vibao, kimoja kikieleza kwamba watumwa ndio walioyajenga majengo ya kwanza. Mwaka 2020 sanamu ilihamishiwa makaburini.

Dirisha bado lipo. Sidhani linapaswa kuvunjwa. Mama wa Gage alifiwa kweli, na kijana wa miaka ishirini na kitu akifa ni msiba popote alipo. Ila najua sasa huruma yangu inakosa nini. Wale vijana tunawajua mmoja mmoja kwa sababu waliandikwa: kwenye rejista ya chuo, kwenye orodha ya jeshi, kwenye barua. Jane tunalijua jina moja tu, tena kwa sababu kumwamini kulikaribia kumponza mwenye mali. Wengine 436,631 ni hesabu ya sensa.

Mimi niliacha chuo na jina langu likafutwa kwenye orodha ya darasa, nikaona dunia imenionea. Siku hizi nikikumbuka rejista, namkumbuka aliyekuwa akifagia chumba chenyewe. Alikuwepo kila muhula. Hakuna aliyewahi kumwita jina, akaitikia.