Mtungi, Pipa na Dhahabu

Vinywaji vya binadamu ni vya jamaa mbili: kuna vikaavyo na kuna visivyokaa. Tofauti hiyo, ndogo kwa kuitazama, imeacha alama kubwa katika historia ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Hata msomaji asiyegusa kileo, kwa dini au kwa hiari yake, atauona utu wa watu ndani ya historia hiyo.

Walwa, pombe ya Wasukuma, ni ya jamaa ya pili. Mtama au uwele huroweshwa hadi ukachipua. Kimea chake huanikwa, husagwa, hutiwa katika uji uliopoa, na vyote huachwa mtungini. Walwa ina siku yake. Siku hiyo ikipita, huwa chachu isiyonyweka. Kwa hiyo haikuweza kuwa akiba ya mtu mmoja. Mwenye mtungi hakuwa na budi kuwa na watu: waliomlimia shamba, majirani, na wazee waliowatangulizia wahenga tone lao. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vishindanavyo kwa nyimbo baada ya mavuno, vimekulia katika majira hayohayo ya ghala kujaa na mitungi kuchachuka.

Katika jamaa ya kwanza, mfano mwema ni mvinyo mweupe wa zabibu ya Chardonnay, asili yake Burgundy, Ufaransa, uliolazwa katika mapipa ya mwaloni. Pipa la huko huchukua lita 228, na mvinyo hukaa humo kwa miezi. Mti hupitisha hewa kidogo kidogo. Mbao zilizobanikwa kwa moto hutoa harufu ya vanila. Nao ukali wa tunda bichi hugeuzwa na bakteria kuwa asidi ileile ya maziwa yaliyoganda, hata mnywaji akahisi siagi ulimini. Mfugaji wa Shinyanga agandishaye maziwa kibuyuni hahitaji kufundishwa jambo hilo. Chombo hakihifadhi tu. Nacho hutia ladha yake.

Kikaacho husafiri, na kisafiricho huwa mali. Mwaka 1871 Stanley, kwa maelezo yake mwenyewe, alifika Ujiji na chupa ya shampeni iliyobebwa kutoka pwani, akainywa pamoja na Livingstone. Baadaye chupa zikawekewa mipaka ya rangi: kwa sehemu kubwa ya utawala wa Waingereza, Mwafrika wa Tanganyika alikatazwa mvinyo na pombe kali, akaachiwa mtungi wake. Mwaka 1940 Williamson aligundua almasi Mwadui, na mji wa kampuni ukazungushiwa uzio. Geita, mgodi wa zamani uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Fedha taslimu zikamiminika. Walwa ikakutana na vinywaji visivyohitaji jirani wala mavuno.

Kilele cha vinywaji hivyo kilikuwa kiroba, pombe kali ya bei nafuu ndani ya mfuko mdogo wa plastiki. Hakikuchacha, kilitosha mfukoni, kilinyweka upweke, asubuhi au usiku, bila ya mzee wa kusema basi. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilikipiga marufuku nchini kote. Sheria iliuondoa mfuko. Baraza lililokuwa likiuzunguka mtungi halirudishwi kwa amri.

Wajuzi wa mvinyo wa mwaloni wana adabu zao. Usipozwe kupita kiasi. Nyuzi 10 hadi 13 zatosha, kwani baridi kali huficha harufu. Umiminwe kidogo katika bilauri pana, unuswe kabla ya kuonjwa, na uandamane na chakula chenye mafuta, mathalani sato wa ziwani aliyepikwa kwa siagi. Kisha liko la mwisho: chupa ikishafunguliwa, baada ya siku chache ladha yake hutoweka. Miezi yote ya pipa huishia hapo, chini ya sheria ya mtungi. Mwenye kuufungua mvinyo huo, naye hana budi kuita watu.