Giza la Nyuma ya Pikapu

Pikapu ikikupita usiku hapa Nyarugusu, taa za mbele zinakuumiza macho, halafu unabaki unaangalia nyekundu mbili zikienda. Pale kwenye bodi walipokaa watu, giza tupu. Nimejiuliza sana kwa nini, maana magari yana taa tangu zamani.

Taa za kwanza zilikuwa za moto hasa. Maji yanadondokea mawe ya kabaidi, gesi inatoka, dereva anawasha kwa kiberiti. Mwaka 1912 Cadillac ikaja na taa za umeme pamoja na stata. Model T ya Ford ilipata taa za mbele za umeme mwaka 1915, ila umeme wake ulitoka moja kwa moja kwenye injini, kwa hiyo gari likienda polepole na taa zinafifia. Kazi ya mwanga ilikuwa dereva aone njia, na wengine walione gari. Basi.

Mwaka 1925 Ford ikaanza kuuza pikapu iliyokamilika kiwandani, dola 281. Bodi ile ilitengenezwa kwa ajili ya mzigo, na gunia la mahindi haliogopi giza. Mimi naona shida yetu ilianzia hapo.

Marekani sheria ilileta mabadiliko kidogo. Kuanzia pikapu za mwaka 1994 ililazimishwa taa ya tatu ya breki, juu nyuma ya kebini. Viwanda vingi viliweka balbu nyeupe kwenye nyumba hiyohiyo, ikamulika bodi. Pikapu ninazoziona huku, nyingi hazina.

Kumbe siku hizi si kazi kubwa. Balbu ya zamani ya wati 21, ukifunga nne, zinakula ampea 7, na gari likiwa limezimwa betri inachoka. LED imebadilisha hesabu. Nyekundu ilipatikana 1962, lakini nyeupe ilisubiri ile ya bluu ya Akasaki, Amano na Nakamura, waliopewa Nobel mwaka 2014. Ukiipaka bluu dawa ya njano unapata mwanga mweupe. Vipande viwili vya wati 5 havifikishi hata ampea 1.

Fundi anavifunga chini ya ukingo wa bodi, vikiangalia sakafu, visije vikampofusha anayekuja nyuma. Waya anaupitisha ndani ya mpira kando ya chasisi, na fyuzi anaiweka karibu kabisa na betri. Hiyo fyuzi msiidharau. Waya ukisuguliwa na chuma ukavuka ngozi bila fyuzi, ni moto, na juu yake mmebeba watu.

Kwa sababu huku bodi inabeba watu. Gari la wagonjwa likiwa mbali, mama mwenye uchungu wa kuzaa analazwa juu ya turubai, na mama mkwe anashika simu kwa meno ili mikono ibaki huru. Nesi mmoja aliniambia kwamba kitu cha kwanza anachotafuta ni damu, na kwa tochi ya simu damu na maji ya mvua vinafanana.

Pikapu moja ninayoijua imeshafungwa taa, na ni nzuri. Ila swichi iko kwa dereva peke yake. Mwanga ukimrudia kwenye kioo, anazima. Nimemwomba fundi aweke ya pili huku nyuma, nesi anapoifikia kwa mkono.